Picha ya Ubongo na Haki ya Mgonjwa



Je, ni halali kumficha mgonjwa majibu ya picha ya ubongo wake? Katika nyumba nyingi za Mikelenge, karatasi ya hospitali ikiletwa imeandikwa Kifaransa, msomaji wake ni mtoto aliyepita shule. Mama mgonjwa huambiwa neno moja tu: "Mama, umepona." Ama haambiwi lolote. Watoto hutenda hivyo kwa mapendo, wakiogopa asivunjike moyo. Lakini tutazame kwanza karatasi ile husema nini hasa.

Kansa iliyoanza katika ziwa, pafu au ngozi yaweza kusafiri kwa njia ya damu hata kufika kwenye ubongo. Waganga huitibu kwa kupasua, kwa mionzi au kwa dawa. Kisha, mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, hupiga picha nyingine na kuilinganisha na ile ya kwanza. Hapo watu hukosea kwa namna mbili.

Kwanza, hudhani kwamba picha safi maana yake ni kupona kabisa. Mfikirie mkulima aliyechoma pori ili apande mpunga. Moto ukizimika, shamba laonekana safi, lakini mizizi iliyo chini ya udongo haionekani. Vivyo hivyo mashine haiwezi kuona mabaki madogo sana ya kansa. Picha safi ni habari njema kweli, ila yasema tu: "Leo hatuoni kitu." Ndiyo sababu mganga humwita mgonjwa tena.

Pili, hudhani kwamba kila doa ni hukumu ya kifo. Mionzi yaweza kuacha kovu na uvimbe, hata doa likaonekana limekua, kumbe si kansa iliyorudi. Mkulima akiona moshi kwa mbali hajui kama ni majivu yanayopoa au moto mpya. Mganga naye pengine hungoja picha nyingine ndipo aseme. Tena doa lisilozidi wala kupungua mara nyingi ni jibu la kufurahia.

Basi, mama aliyeambiwa "umepona" haoni sababu ya kurudi hospitalini. Kichwa kikimwuma sana au mkono ukilegea, atadhani ni uchovu. Na yule asiyeambiwa kitu husoma nyuso za watoto wake, akawaza mabaya kuliko yaliyoandikwa. Amenyimwa pia nafasi ya kupatana na ndugu, kupanga mambo ya nyumba yake, na kuomba Mpako wa Wagonjwa mapema. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1963 kwamba sakramenti hiyo si ya walio katika saa ya mwisho tu.

Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alitangaza mwezi wa Agosti 2015 kwamba kansa ya ngozi ilikuwa imefika kwenye ubongo wake: madoa manne madogo. Alikuwa na miaka 90. Alitibiwa kwa mionzi na dawa. Mwezi wa Desemba, akiwafundisha watu Biblia siku ya Dominika, aliwaambia kwamba picha mpya haikuonyesha madoa yale wala mengine. Hata hivyo alieleza kwamba angeendelea na dawa. Alifariki tarehe 29 Desemba 2024, mwenye miaka 100. Si wagonjwa wote watakaopata miaka hiyo. Lakini kusema kile tu kilichoonekana, kila mmoja wetu aweza.

Mtoto afanyeje basi? Amwulize kwanza mama: "Mama, wataka kujua kiasi gani?" Kisha amfasirie karatasi polepole, akiwa amemshika mkono, wala asiongeze wala asipunguze. Mama akisema, "Inatosha, mwanangu," anyamaze. Kunyamaza kwa ombi la mgonjwa si kumdanganya. Lakini uongo, hata ukisemwa kwa mapendo, humwacha peke yake na ugonjwa wake.