Wito Usiuzwe Ungali Ua

Masomo: Mwanzo 25:29-34, Kutoka 31:1-11



Katika nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa hakuna asiyelijua neno butura. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, mibuni huchanua maua meupe, shamba zima hunukia, na mwenye shamba hufurahi. Lakini toka ua mpaka buni iliyoiva ni miezi tisa na zaidi, na shida za nyumba hazihesabu miezi. Mtoto ahitaji sare na daftari, mgonjwa ahitaji dawa, msiba waingia pasipo kubisha hodi. Ndipo mwenye shamba huenda usiku kwa mwenye fedha, akamwuzia kahawa ingali ua, kwa bei ndogo mno. Siku ya mavuno huichuma kwa mikono yake, huianika kwa jasho lake, kisha hufunga magunia yasiyo yake. Serikali imeikataza biashara hiyo, walakini haifi upesi, kwa maana chakula chake ni shida ya watu.

Leo twataka kusema habari ya butura nyingine, iliyo ya hatari zaidi: ni kuuza wito ungali ua.

Mungu humpa kila mtu kazi aipendayo moyoni. Mmoja amepewa kufundisha watoto, mwingine kupanga sauti za kwaya, mwingine kuchonga mbao, mwingine kufuma mikeka, mwingine kutibu wagonjwa, mwingine kulima kibanja hata majirani waje kutazama. Martin Luther alifundisha kwa nguvu ya kwamba kazi hizo zote ni wito wa Mungu, wala si kazi ya padre na mtawa peke yao. Mtu akianza kazi ya namna hiyo, moyo wake huwaka. Lakini mavuno hukawia. Fundi ametengeneza meza nzuri, hakuna anunuaye, katekista amefundisha darasa la kipaimara miaka mitatu, naye bado atembea kwa miguu kilima hata kilima, msichana aliyetaka kusomea uuguzi aambiwa, “Acha ndoto hizo, olewa.” Siku moja yaja sauti laini, nayo yasema: Achia hapo, chukua hiki kidogo sasa. Akikubali, amefanya butura.

Esau ndiye aliyefanya butura ya kwanza tuliyoandikiwa. Alirudi kutoka porini amechoka, akaona chakula chekundu cha dengu, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa mlo mmoja. Tuangalie vema: njaa yake haikuwa ya uongo. Kosa lake lilikuwa kupima baraka ya maisha yote kwa njaa ya jioni moja. Kwa sababu hiyo hatuwakemei wenye shida kana kwamba shida ni dhambi. Twauliza neno lingine: Mtu afanye nini apate kusubiri mpaka buni iive?

Jibu twaliona katika habari za Bezaleli mwana wa Uri, aliyechaguliwa kuitengeneza hema ya kukutania kule jangwani. Wazee wetu husema figa moja haliinjiki chungu. Kazi ya Bezaleli ilikaa juu ya mafiga matatu, nayo ni imani, wenzi, na ubunifu.

Figa la kwanza ni imani. Kabla Bezaleli hajashika nyundo, Mungu alimwambia Musa ya kuwa amemwita mtu huyo kwa jina lake, na kumjaza Roho, apate hekima na ujuzi wa kufanya kazi ya dhahabu, ya fedha, ya shaba, ya mawe na ya miti. Mmeona? Roho wa Mungu hakupewa nabii tu, alipewa fundi. Na jina lake lilijulikana kwa Mungu kabla watu hawajaiona kazi yake. Aaminiye hivyo haishi kwa sifa za watu, wala hafi kwa kukosa sifa hizo.

Imani ya namna hiyo imekwisha kujaribiwa kwetu. Mwaka 1910 wamisionari wa Betheli, Ernst Johanssen na wenzake, walipofika Bukoba, walikuta Wahaya waliokwisha kupokea neno na kusoma kwa njia ya Uganda. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Wengi wangedhani mambo yamekwisha. Lakini walimu wenyeji, miongoni mwao Andrea Kajerero, aliyekuja kuwa mmoja wa wachungaji wa kwanza wa Kihaya, waliendelea kuwakusanya watu, kufundisha na kuomba. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wajerumani waliondolewa tena, na kazi ikaendelea, ndugu wa Sweden wakija kusaidia. Kwa hiyo Dayosisi ya Karagwe ilipoanza mwaka 1979, wakati nchi ya Kagera ilikuwa ikiponya majeraha ya vita na majeshi ya Idi Amin, ilizaliwa katika kanisa lililokwisha kujifunza kusimama wakati wa kupungukiwa. Wale walimu wa kwanza hawakujua mwisho wa vita utakuwa lini. Walijua aliyewaita ni nani, na hilo liliwatosha kwa kazi ya kesho yake asubuhi.

Figa la pili ni wenzi. Mungu hakumwacha Bezaleli peke yake, bali alimpa Oholiabu mwana wa Ahisamaki, wa kabila ya Dani. Bezaleli alikuwa wa Yuda. Basi hawakuwa wa kabila moja, wala hatusomi ya kwamba walishindana nani ni mkubwa. Nyuma yao walisimama watu wengi: wanawake waliosokota nyuzi, wakuu walioleta vito, wote waliotoa kwa moyo wa kupenda, hata Musa akalazimika kuwazuia kwa kuwa vitu vimezidi.

Tukichunguza, tutaona ya kwamba butura huingia kwa mlango wa upweke. Mkulima aendaye usiku kwa mwenye fedha ni yule asiye na mtu wa kumwendea mchana. Kwa sababu hiyo wakulima wetu walijiunga katika vyama vya msingi na chama kikuu cha KDCU, wauze pamoja. Na akina mama wengi wana vikundi vya kuweka na kukopeshana. Kikundi chenye uaminifu huweza kumvusha mwenzao miezi ile migumu, naye akaiona kahawa yake imeiva mikononi mwake.

Je, katika wito mambo si hayohayo? Askofu Josiah Kibira, mzaliwa wa Bukoba wa mwaka 1925, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, tangu mwaka 1977 hata 1984, aliandika kitabu kizima juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, kikachapwa mwaka 1974. Hakulichagua jambo hilo bure. Kwetu mtu asiye na ukoo ni kama mgomba usio na nguzo: mkungu wake ukikua, uzito uleule wa baraka wauangusha. Kanisa limewekwa liwe ukoo wa wale walioitwa.

Hapa hatuna budi kusema neno zito, nanyi wazee wa sharika mlipokee kwa upendo. Usharika ukimsifu katekista siku ya Jumapili, kisha usimwulize siku ya Jumatatu kama nyumbani mwake pana chakula, usharika huo umefanya butura: umechuma matunda ya jasho lake kwa bei ya sifa tupu. Mzazi amwambiaye mtoto wake mwenye kipawa, “Kazi hiyo haina faida,” pasipo kumsaidia hata kuijaribu, naye ameuza ua la mwingine. Tusiombe tu ya kwamba wenye wito wavumilie. Tuwe sisi wenyewe njia ya kuvumilia kwao.

Figa la tatu ni ubunifu. Bezaleli alipewa akili ya kubuni kazi za ustadi. Alikuwa jangwani, hana machimbo, hana duka la vifaa. Dhahabu yake ilikuwa vipini, pete na mapambo ya watu waliotoka Misri. Hakungoja mpaka afike nchi ya ahadi ndipo aanze. Alitengeneza kwa vile vilivyoletwa mkononi mwake.

Kwetu jambo hilo si geni. Nchi ya Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi. Mtawala Ndagara alisifiwa kwa uhunzi, na katika hazina ya kifalme ya Bweranyange kulikuwa na ng’ombe waliofuliwa kwa chuma, wenye pembe ndefu nyembamba. Speke na Grant, waliofika kwa Rumanyika mwana wa Ndagara mwaka 1861, walikuta ufalme wenye mafundi. Mawe ya chuma yalikuwa katika udongo uleule tunaoukanyaga. Kilichoongezwa ni moto, mkono, na akili aliyoitoa Mungu.

Lakini tusidhani ubunifu ni kwa vitu vya fahari tu. Mnakumbuka mnyauko ulipoingia katika migomba ya Kagera katika miaka ya 2000. Majani yakageuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na mgomba ukikatwa ulitoa majimaji ya manjano. Wengine walisema, “Kibanja cha babu kimekufa, tuache.” Hata leo haipatikani dawa ya kunyunyiza iuponyayo mgomba ulioshikwa. Basi dawa ikawa nini? Mti wenye panda! Wadudu huchukua ugonjwa kwa njia ya ua dume lining’iniali mwisho wa mkungu. Basi mkulima hulivunja ua lile kwa mti wenye panda, asilikate kwa kisu, maana kisu nacho huambukiza. Visu na panga husafishwa kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu, na mgomba mgonjwa huondolewa mapema. Mti wa panda hauna bei, lakini ndani yake mna akili, uangalifu na bidii ya kila juma.

Tena angalieni jinsi mafiga yanavyohitajiana. Ukisafisha kibanja chako, na jirani yako akiuacha ugonjwa katika chake, kazi yako ni bure; ubunifu pasipo wenzi haufiki. Na ubunifu pasipo imani ni hatari kubwa zaidi. Someni sura ifuatayo, ya 32: kwa mapambo ya watu walewale Haruni alitengeneza ndama. Dhahabu ilikuwa ileile na moto uleule, lakini Mungu alisahauliwa, na kazi ya mikono ikawa sanamu. Fundi, mwimbaji, mwalimu, tujiulize kila mara: Nafanya hema au nafanya ndama? Kazi yangu yawakusanya watu mbele za Mungu, au yawakusanya wanitazame mimi?

Labda yuko mmoja asomaye maneno haya na kusema moyoni: “Mmenena kweli, lakini kwangu mmechelewa. Mimi nilikwisha kuuza. Niliacha shule, niliacha darasa, nilitupa vyombo vya ufundi wangu. Sasa nachuma kwa ajili ya wengine.”

Ndugu, dada, sikia. Butura huchukua msimu; haichukui mti. Aliyenunua maua yako ya mwaka ule amekwenda na magunia yake, lakini mbuni umesimama, na mizizi ingali ardhini. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu, kisha akarudi katika mashua na nyavu zake. Usiku kucha hakupata kitu. Asubuhi Bwana alikuwa ufukoni, amewasha moto wa makaa na kuandaa chakula. Akamlisha kwanza, ndipo akampa tena kazi ya kuchunga kondoo. Hakumletea wito mpya, bali aliurudisha ule wa kwanza. Wala hakudai fidia, kwa maana deni lilikwisha kulipwa msalabani. Sisi tuliouzwa tumekombolewa kwa damu ya thamani. Basi hakuna wito uliouzwa ambao yeye hawezi kuukomboa.

Kwa hiyo, wapendwa, juma hili tufanye mambo matatu. Mwenye wito na ataje mbele za Mungu katika sala, kwa jina lake, ile kazi aliyopewa. Kisha amtafute Oholiabu wake, mtu mmoja mwaminifu, amwambie shida yake mchana, kabla hajaenda usiku kwa mnunuzi. Tatu, atazame kilicho mkononi mwake, hata kama ni mti wa panda tu, akaanze nacho. Na wazee wa sharika wakutane, waulize pasipo haya: Katika watu wetu ni nani aliye karibu kuuza ua lake, nasi tumvushe namna gani?

Bwana aliyemwita Bezaleli kwa jina lake, awaite ninyi kwa majina yenu. Azilinde kazi za mikono yenu toka ua hata mavuno. Na siku ile ya mavuno makuu msionekane mkifunga magunia ya mwingine, bali mkiingia kwa furaha na miganda yenu. Amina.