Mkaguzi si adui

Wengi wetu huuliza: kumkagua ndugu mtunza sanduku, si kumvunjia heshima? Hapana. Paulo alipopeleka sadaka Yerusalemu alifuatana na wajumbe, asije akalaumiwa.

Tutazame Nairobi. Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliifunga Imperial Bank. Mkurugenzi wake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, ndipo udanganyifu ukafunuliwa. Wenye akiba wakalia. Hesabu zilikuwa zikikaguliwa, lakini ukaguzi usiomfikia mkubwa ni taa chini ya pishi.

Nasi wa Uvira, tulio na maduka, mitumbwi na vyama vya wavuvi, tujue: mkaguzi atoe taarifa mbele ya kamati nzima, si kwa yule anayekaguliwa peke yake. Kazi hustawi penye nuru, na mwaminifu haogopi kuhesabiwa. Amina.