Koleo la Kwanza na Kerezo la Nyumbani

Miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa na ya elimu ya dini ni lile linalouliza iwapo kitu bora chaweza kutokana na kitu kilicho duni kuliko chenyewe, au iwapo kila ubora unaoonekana duniani sharti uwe umerithiwa kutoka kwa kitu kingine chenye ubora huo kwa ukamilifu zaidi. Swali hili limezoeleka kujadiliwa kwa mifano ya moto, nuru na roho, vitu ambavyo havipimiki kwa urahisi. Ila limo pia katika karakana ya fundi anayejiundia kerezo, yaani mashine inayozungusha kipande cha chuma mbele ya kisu kilichokazwa ili kipande hicho kichongwe kiwe duara, na humo laweza kushikwa kwa mikono. Kerezo lahitaji kitanda chenye reli zilizonyooka, mhimili ulio duara na skrubu ndefu yenye meno ya hatua sawa, na sehemu hizo zote, katika kiwanda cha kawaida, hutengenezwa kwa kerezo jingine au kwa mashine ambazo zenyewe zilitokana na kerezo.

Wanazuoni wa Kiyahudi waliliona tatizo hili karne nyingi kabla ya viwanda. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, sehemu iitwayo Pirkei Avot inataja vitu vilivyoumbwa magharibi ya siku ya sita, kabla tu ya Sabato ya kwanza kuingia, na wapo waliotaka koleo lihesabiwe humo, kwa kuwa mhunzi hawezi kufua koleo bila koleo la kushikia chuma cha moto, na kwa hiyo la kwanza halikuwa na mtu wa kulifua. Talmudi, iliyokuja baadaye, imehifadhi jibu la waliowapinga: koleo la kwanza lingeweza kutengenezwa kwa kalibu, likapata umbo lake mara moja bila kufuliwa. Jibu hilo ni fupi, lakini lina uzito mkubwa, kwa maana linavunja dhana kwamba chombo huzaliwa na chombo cha aina yake tu. Mwanafalsafa Spinoza naye, katika risala aliyoiacha bila kuimaliza na iliyochapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake, alieleza kwamba mtu angeweza kudai kuwa binadamu hana uwezo wa kufua chuma, kwa sababu nyundo huhitaji nyundo nyingine kabla yake na hiyo nyingine tena, ilhali kwa kweli watu walianza na viungo vyao vya mwili, wakatengeneza vitu sahili kwa taabu na kasoro nyingi, kisha kwa vitu hivyo wakatengeneza vilivyo bora. Wanafunzi wa elimu ya tauhidi wanaijua hofu iliyo nyuma ya mjadala huu kwa jina la tasalsuli, yaani mfuatano wa sababu usio na mwanzo, ambao wanazuoni wengi wa Kiislamu waliuhesabu kuwa muhali.

Mfano ulio wazi wa zama hizi ni wa Mmarekani David Gingery, fundi wa Springfield katika jimbo la Missouri, ambaye katika miaka ya 1980 alitoa mfululizo wa vitabu vya kumwelekeza mtu asiye na mashine yoyote ajijengee karakana nzima kwa vyuma chakavu. Kitabu cha kwanza kinahusu tanuri la makaa na cha pili kinahusu kerezo, na mpangilio huo unafuata, bila kukusudia, jibu lile la kalibu: alumini chakavu huyeyushwa, ikasubiwa katika mchanga uliopigiwa chapa ya vielelezo vya mbao, na kwa njia hiyo kitanda cha mashine na kichwa kinachobeba mhimili hupatikana kabla ya kuwapo mashine yoyote ya kuvichonga.

Hata hivyo kusubu hutoa umbo, hakutoi usahihi, na hapo ndipo swali la falsafa linapokuwa gumu kweli. Reli za kerezo zinatakiwa ziwe bapa, na ubapa hupimwa kwa kulinganisha na bamba la rejea, yaani bamba la chuma ambalo uso wake umekwisha kuthibitishwa. Basi bamba la kwanza lilithibitishwa na lipi? Njia iliyotangazwa na mhandisi Joseph Whitworth katika mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow mwaka 1840 ni ya kutumia mabamba matatu, yote yakiwa na kasoro. Bamba moja hupakwa rangi nyembamba ya buluu na kusuguliwa juu ya jingine, rangi ikashika sehemu zilizoinuka, na fundi akazikwangua sehemu hizo kwa skrepa, chombo chenye makali kinachoondoa chuma kidogo mno, kisha akarudia. Mabamba mawili peke yake hayatoshi, kwa sababu moja laweza kuwa na mbinuko na jingine mbonyeo, yakakaa pamoja bila nafasi kama bakuli ndani ya bakuli, na uongo wao ukafichika kabisa. Bamba la tatu huufichua: likikwanguliwa mpaka likubaliane na lile lenye mbinuko, nalo litapata mbonyeo, na mabamba mawili yenye mbonyeo yakikutanishwa hugusana pembezoni tu. Hata makubaliano ya yote matatu yaweza kudanganya iwapo nyuso zimejipinda kwa namna moja, na kwa hiyo moja hugeuzwa nyuzi 90 na kuulizwa upya. Uso wa aina moja tu ndio unaoweza kukubaliana na nyuso nyingine mbili kwa kila upande, nao ni uso bapa.

Yafaa kusisitiza ajabu ya jambo hili, kwa kuwa mazoea ya viwandani yamelifunika: mwanzoni hapakuwa na kitu kilicho bapa chumbani, wala fundi hakuwa na mkono usiotetereka, na mwishoni kipo. Mhimili na reli huenda njia hiyo hiyo. Fundi huacha pete mbili kwenye fimbo ya chuma iliyoshikwa na mhimili, huzipitishia kisu bila kukibadilisha mkao, na zikitofautiana kipenyo kwa milimita 0.04 katika umbali wa milimita 100, anajua kwamba mhimili umekwenda upande kwa milimita 0.02 katika umbali huo, akarekebisha. Mashine imetoa ushahidi dhidi yake yenyewe kwa kazi yake yenyewe.

Thomas Aquinas, katika ile inayoitwa njia ya nne ya kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, alisema kwamba kilicho bora zaidi au pungufu husemwa hivyo kwa kukikaribia kilicho bora kabisa, na kwamba hicho bora kabisa ndicho chanzo cha ubora wa vingine. Plato, katika mazungumzo ya Phaedo, alidai kwa sababu iliyo karibu na hiyo kwamba anayeona vijiti viwili havilingani sawasawa sharti awe aliujua Usawa wenyewe kabla. Mabamba matatu yanazidhoofisha hoja zote mbili, kwa maana fundi hakuhitaji kuwa na ubapa kamili, wala hata kuufikiria. Alihitaji kuona mahali mabamba yanapokosana, na kuwa mkweli wa kutolifuta doa la buluu kwa kidole. Hoja ya kuwapo, ile inayouliza kwa nini pana chuma, moto na mchanga badala ya kutokuwapo kitu chochote, haiguswi hata kidogo, na anayetumia kerezo kuipinga anakosea mlango. Vilevile kanuni kwamba nyuso tatu zikikubaliana kwa kila upande zitakuwa bapa haikutungwa na fundi yeyote; ilikuwapo kabla ya Whitworth na kabla ya chuma, na mwamini ana haki ya kuuliza imetoka wapi. Lakini kanuni hiyo si bamba kamilifu lililogawa ukamilifu wake kwa mengine, na hicho ndicho njia ya nne inachokidai. Basi walimu wa seminari na wa vyuo wanaoifundisha hoja hiyo na wawawekee wanafunzi wao mezani mabamba matatu, skrepa na kopo la rangi ya buluu, kabla ya kuwauliza iwapo inasimama.