Aliyejitoa na Aliyetolewa

Soma Yohana 11:47–53 na 10:17, 18.

Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria, ikatwaliwa na Uingereza kubeba askari katika Vita Kuu ya Pili. Februari 1944 iliondoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara wa meli tano, ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, siku ya Sabato, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika tatu hivi.

Walionusurika walielea majini, na nyambizi ilidhaniwa iko chini yao. Nahodha wa manowari Petard aliamuru mabomu yatupwe pale pale, katikati ya watu waliotazamia awaokoe. Nyambizi ilizamishwa siku hiyo. Waliokufa wote walikaribia 1,300.

Meli nne zilizosalia zilijaa watu. Ndiyo maana mimi simhukumu nahodha yule. Lakini hesabu ya namna hiyo aliipiga pia Kayafa, tena akihofia mahali pake (fungu la 48). Yesu aliutoa uhai wake mwenyewe. Wale majini hawakuulizwa. Tukisema “walijitoa mhanga,” kama hotuba zetu zinavyopenda, tunawasingizia ridhaa wasiyoitoa.

Kwa mjadala: Baraza la kanisa linapomwacha mshiriki mmoja aumie ili kanisa litulie, je, yeye ameulizwa?