Pampu ikiungua, nani alipe?

UKIPITA kwa madalali wa nyumba jijini Dar es Salaam, utasikia nyumba zikinadiwa kwa vilivyomo ndani yake. Hii ina kiyoyozi, ile ina hita ya maji ya moto, nyingine ina simtanki na pampu yake. Kodi nayo hupanda kwa kila kinachotajwa. Mara nyingi mpangaji hutakiwa kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Kisha huwekewa karatasi ya kusaini, na si ajabu ndani yake kukawa na kipengele kifupi: chochote kitakachoharibika ni juu ya mpangaji.

Kipengele hicho ndicho kinachozaa ugomvi. Tuseme miezi mitatu baadaye pampu inaungua. Mwenye nyumba anasema aliikabidhi ikiwa nzima. Mpangaji anasema aliikuta imeshachoka. Fundi anaifungua na kusema huenda ni uzee, huenda ni umeme kupanda na kushuka, huenda iliwashwa tangi likiwa tupu. Watoto wanabeba maji kwa ndoo, huku watu wazima wawili wakisubiriana nani atashindwa kuvumilia kwanza. Je, haki iko wapi?

Ndugu msomaji, jambo hili si geni katika fiqhi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelizungumza katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa Kishafii wamekisomesha kwa miaka mingi. Anaeleza kuwa kumkabidhi mpangaji ufunguo ni juu ya mwenye nyumba, na matengenezo ya nyumba vile vile. Akifanya haraka kutengeneza, mambo yamekwisha. Asipofanya hivyo, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba. Kisha anataja theluji, kwa kuwa yeye aliishi Sham: kuiondoa iliyo juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na kusafisha uwanja, theluji yake na takataka zake, ni kazi ya mpangaji.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna vumbi, na walio karibu na bahari wana chumvi. Kipimo ni kile kile. Mota ya pampu, waya za ndani ya ukuta na gesi ya friji iliyoisha kwa uzee, hayo ni paa. Kusafisha kichujio cha kiyoyozi, kuyeyusha barafu ya friji na kusugua mafuta kwenye jiko, huo ni uwanja.

Sababu yake iko wazi. Katika ijara kinachouzwa si kitu bali ni manfaa yake. Aliyepandisha kodi kwa kuwa nyumba ina hita ameuza maji ya moto ya mwaka mzima. Hita ikifa mwezi wa tatu, miezi tisa iliyobaki anakula thamani ya kitu asichokitoa. Kanuni ya al-kharaj bi dhaman inatufundisha kuwa anayevuna faida ya mali ndiye anayebeba hasara yake. Huwezi kuwa mwenye mali siku ya kupokea kodi, kisha siku ya kumwita fundi ukawa jirani.

Atasema mtu: lakini mpangaji amesaini, na Waislamu wanafungwa na masharti yao. Ni kweli. Lakini Hadithi hiyo hiyo imevua sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mali iliyo mikononi mwa mpangaji ni amana, na wanazuoni wengi hawakubali sharti la kumlipisha mwenye amana kwa hasara asiyoisababisha. Aidha, tujiulize ni ridhaa gani anayokuwa nayo mtu ambaye vyombo vyake viko juu ya gari la kukodi, anasubiriwa asaini ili afunguliwe mlango.

Hata hivyo, mpangaji asifurahi mapema. Kwa kuwa ni amana, analipa akivuka mpaka au akizembea. Nawawi anatoa mfano wa mnyama aliyekodiwa: aliyempiga kupita ada, akafa, atalipa. Basi anayewasha pampu akaenda sokoni bila kuangalia kama tangi lina maji amempiga mnyama wa watu kupita ada. Aliyesikia mota ikilia vibaya wiki nzima akanyamaza, naye hana pa kujificha.

Na tatizo kubwa liko hapa. Fundi mwenyewe hajui, shahidi hakuna. Fiqhi inamsikiliza mwenye amana: akiapa kuwa kimeharibika bila ya uzembe wake, na hakuna ushahidi dhidi yake, anaaminiwa. Wenye nyumba wengi watauona huu ni upendeleo. Kumbe ni mzigo. Mwenye nyumba akishindwa amepoteza bei ya pampu. Mpangaji anayejua kuwa aliiwasha kavu, kisha akasema haelewi kilichotokea, amepoteza kitu ambacho hakuna fundi anayekitengeneza. Sheria imemwamini kwa sababu Allah (sw) anaona asichokiona hakimu.

Kwa mantiki hiyo, dawa ni kuandika kabla ya kugombana. Siku ya kukabidhiana funguo, pande zote mbili ziwashe kila kifaa na kuorodhesha hali yake, kipya au kikuukuu. Iandikwe nani asafishe, nani atengeneze, na kwa muda gani. Kikiharibika, mpangaji atoe taarifa siku hiyo hiyo, wala asitengeneze kimya kimya kisha akate kodi. Majalla, sheria za dola ya Uthmania zilizokamilika mwaka 1876, zinamhesabu anayetengeneza nyumba bila idhini kuwa amejitolea, na hana cha kudai.

Tumeamrishwa kuandika madeni, na kuandika huko hakukuwekwa kwa ajili ya wezi tu. Kumewekwa pia kwa ajili ya watu wema wanaosahau, ili pampu ya maji isije ikakata salamu baina ya Waislamu wanaosali safu moja.

Wabillahi tawfiq.