Deni kwa Watu wa Mawe: Swali la Kimaadili katika Kisa cha Namoratunga

Binadamu kugeuka jiwe si tukio geni katika fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Aghalabu wahakiki huliweka katika fungu la visasili, yaani masimulizi yanayoeleza asili ya mwamba au mlima fulani, kisha wakaliacha hapo. Makala haya yanadhamiria kuliuliza swali la kimaadili: mtu akishageuzwa jiwe, je, sisi tuliobaki na ulimi tungali na deni kwake? Swali hili linaulizwa kutoka Bulla Pesa, mjini Isiolo, mahali ambapo Waborana na Waturkana ni majirani. Umuhimu wa ujirani huo utadhihirika baadaye.

Namoratunga, jina lenye maana ya watu wa mawe kwa Kiturkana, ni kundi la nguzo 19 za basalti karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana. Masimulizi juu yake yana sura kadhaa. Katika mojawapo, watu walikuwa wakicheza ngoma, akawatokea pepo, wakamdhihaki. Papo hapo wakageuka mawe.

Kwa mtazamo wa kwanza, adhabu hii inalingana na kosa. Amchekaye mgeni humfanya kitu cha kutazamwa, kana kwamba hana neno linalostahili kusikilizwa. Nao wachezaji wakafanywa hivyo hivyo: vitu vya kutazamwa na kusimuliwa, pasi na uwezo wa kujibu. Hata hivyo, ulinganifu wa umbo si ulinganifu wa kipimo. Pepo aliyedhihakiwa alipata nafasi ya kujibu, na jibu lake likawa kali kupita kiasi. Waliomdhihaki hawakuachiwa nafasi yoyote. Isitoshe, kisa hakituelezi kama kila mchezaji alicheka. Huenda alikuwamo aliyenyamaza, au mtoto asiyeelewa kilichokuwa kikitendeka. Jiwe halibagui. Hapa ndipo kisa kinapomtaka msikilizaji asiridhike na funzo la adabu peke yake.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe inatuhimiza tusiridhike. Jiwe ni la ngeli ya LI-YA. Lakini fanani anapolipa uhai, husema jiwe 'alicheka', wala si 'lilicheka'. Vivyo hivyo kiziwi 'anakuja', ingawa umbo la jina lake ni la KI-VI. Upatanisho wa kisarufi, basi, ni uamuzi juu ya nani anahesabiwa miongoni mwa watu. Tukisema nguzo za Kalokol 'zimesimama', tumeikubali hukumu ya pepo. Tukisema 'wamesimama', tumekata rufani kwa niaba yao.

Wataalamu nao hawakuwaacha watu hawa bila utamaduni. Mwaka 1978, Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota zinazoongoza kalenda ya Waborana, kalenda ambayo Asmarom Legesse alikuwa ameieleza mwaka 1973. Mwaka 1982, Robert Soper alivipima upya vipimo hivyo na kuvitilia shaka, kwa kuwa basalti yenye sumaku huweza kuipotosha dira. Mwaka 2018, Hildebrand na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa Lothagam Kaskazini, penye nguzo pia katika eneo hilo la ziwa: makaburi ya watu wasiopungua 580, waume kwa wake, wakubwa kwa watoto, waliozikwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita, bila dalili dhahiri za matabaka. Hivyo msimulizi aliwapa mawe dhambi, mnajimu akawapa kalenda, mwanaakiolojia akawapa usawa. Tofauti ni kwamba dai la mtaalamu lina njia ya kusahihishwa. Upimaji wa Soper ulikuwa, kwa namna fulani, zamu ya jiwe kujibu.

Na tuliangalie jambo hili kutoka Bulla Pesa. Watu wa mawe wana jina la Kiturkana na waliwahi kupewa kalenda ya Kiborana. Anayetaka kuthibitisha kwamba kabila lake ndilo lililotangulia katika nchi anaweza kuwavuta upande wake, nao hawatampinga. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko Kalokol. Kila wakati wizi wa mifugo au ugomvi wa ardhi unapozuka, na jirani akaitwa kwa jina la kabila lake zima, 'wao ndivyo walivyo', mtu aliye hai amegeuzwa jiwe. Hatuulizi tena kama alikuwamo, wala kama alicheka. Tumetoa hukumu ya pepo bila hata kuwa tumedhihakiwa sisi wenyewe.

Wenyeji wa Kalokol huweka vijiwe vidogo juu ya nguzo hizo ili wapate heri. Mhakiki anaweza kuiita desturi hiyo imani tu. Mimi naiona kuwa usomaji ulio bora kuliko wetu: anayeweka kijiwe hawasemei waliogeuzwa, bali anawaendea, anawapa kitu, na kuwaomba kitu. Huwezi kumwomba asiyeweza kukujibu. Deni letu kwa watu wa mawe ni hilo: kuwahesabu kuwa wangali wanaweza kujibu. Na anayeshindwa kulilipa deni hilo kwa jirani yake wa Bulla Pesa, mwenye ulimi na masikio, hatalilipa Kalokol.