Bei Njoo Inboksi

Wanangu wa Mbagala, Tandika na Yombo, na nyie wa upande ule mwingine, Mwananyamala mpaka Tegeta na Bunju, mnaouza madera, wigi, viatu na vipodozi kwa simu, nisikilizeni. Kabla sijastaafu nilikaa muda mrefu kwenye dawati la biashara la manispaa, na anayekaa pale husikia visingizio vya kila namna. Kuna kimoja ambacho mpaka leo nakisikia kibarazani, tena kwa kujiamini: "Mimi sina fremu, babu. Nauza mtandaoni tu." Utadhani sheria inaishi kwenye mlango wa chuma na kufuli!

Muuza duka wa zamani pale Kariakoo alipomdanganya mteja, neno lilipita na upepo. Kesho yake akikana, nani angemshika? Nyie bahati hiyo hamna. Mnaandika, mnapiga picha, mnarekodi sauti, halafu mnamtumia mtu msiyemjua akae nayo. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi. Kila tangazo uliloweka usiku ukiwa umejilaza kitandani ni maelezo yako mwenyewe ya maandishi, na yana tarehe na saa.

Chukueni hii "bei njoo inboksi". Mnaona ni ujanja wa kumvuta mteja, na mwenye gari mnamtajia bei yake, wa daladala yake. Sheria hiyohiyo inamtaka anayeuza kwa mtandao amweleze mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, bidhaa ikoje na bei yake ni ngapi. Wengi wenu hata jina hamna. Peji inaitwa kwa jina la ua au la malaika, na simu ikizimwa mteja hana pa kubisha hodi.

Halafu kuna lile la "mali ikishauzwa hairudishwi". Limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila peji, na hakuna anayejiuliza limetoka wapi. Mnunuzi wa mtandaoni amepewa haki ya kujitoa kwenye manunuzi ndani ya siku saba, bila kudaiwa sababu. Na mzigo msipokubaliana vinginevyo unatakiwa umfikie ndani ya siku thelathini. Binti wa jirani yangu aliweka picha ya gauni aliyoikuta kwenye peji ya watu wa nje, mteja wa Morogoro akalipa, kilichopanda basi kikawa kitambaa kingine kabisa. Mteja hakugombana. Alipiga picha alichokipokea, akaiweka kando ya tangazo, akaenda polisi. Binti akaja kwangu analia, ananiuliza kama akifuta lile tangazo itasaidia. Nilimwambia amrudishie mwenzake fedha siku ileile, na asifute kitu. Ile picha nayo ilikuwa na mwenyewe. Kazi ya mtu haiwi yako kwa kuwa umeikuta mtandaoni.

Kwenye kodi ndiko mnakoogopa kuliko kunavyostahili. TIN hutolewa bure. Kusajili jina la biashara BRELA si gharama ya kumtisha mwenye biashara. Leseni ya biashara iko manispaa, na barua ya utambulisho utaianzia serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti huyohuyo unayemwamkia kila asubuhi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayavuki shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato kwenye mauzo hayo. Lakini igaweni hiyo milioni 4 kwa siku 365: hata shilingi 11,000 kwa siku haifiki. Mwenye kuuza dera moja kila siku ameshavuka, na bado anajiita mjasiriamali mdogo asiyehusika.

Akishavuka, daftari ndilo linaloamua. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu alipangiwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na kuandika alidaiwa 30,000. Mwenzake aliyeuza kiasi hichohicho bila kuandika alidaiwa 100,000. Wazee waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakipamba maneno. Nanyi mnasema "nalipwa kwa lipa namba, nani atajua?" Mwanangu, lipa namba ndiyo daftari lenyewe, ila amelishika mwingine.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Mnaweka skrinishoti ya malipo ili watu waamini kwamba mnauza, jina la mteja na namba yake vikionekana. Mnaweka picha yake amevaa nguo, hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Orodha yako ya namba za wateja imo humo, nayo haikuwa yako kumuuzia mwenzako au kuiingiza kwenye kundi la WhatsApp. Wengine mnamweka mdaiwa wenu hadharani, sura na mtaa, "tapeli huyu". Deni ni haki yako, lakini kumtesa mtu mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Yeye anadaiwa 40,000. Mpelekeni kwa mjumbe.

Vipodozi na dawa, hapo siwabembelezi. Krimu ya kung'arisha yenye zebaki au haidrokwinoni imepigwa marufuku, na usimamizi wa vipodozi ulihamia TBS mwaka 2019. Dawa ziko TMDA. Dawa za asili zina Baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Wewe unaandika "inaponya kisukari, nguvu za kiume siku tatu, haina madhara", umeisomea wapi? Mgonjwa akiacha vidonge vyake kwa maneno yako, tangazo lako liko palepale linasomeka.

Na msikubali kulipwa ili muwaite watu kwenye upatu. Mwaka 2009 watu walipanga foleni Mabibo kuweka fedha kwenye upatu wa DECI, wakiita kupanda mbegu. Viongozi wake waliishia kutiwa hatiani Kisutu mwaka 2013, na jirani aliyemwalika jirani hakuzungumza naye tena. Mwaka 2025 ukaja upatu wa LBL, safari hii kupitia simu. Enzi za DECI mwaliko ulikuwa wa mdomo. Wenu una picha yako unacheka.

Mtaniuliza habari za leseni ya TCRA, kwa kuwa mwaka 2018 kanuni za maudhui ziliwatisha wenye blogu, ada ikihesabiwa kwa milioni, na JamiiForums ikafunga kwa muda Juni ule. Marekebisho ya 2022 yaliielekeza leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Mwenye kuuza vitenge tu hahusiki nayo. Ila mkiona wateja wamepungua mnaanza udaku: ajali ya Kimara, ndoa ya msanii, tetesi za Bungeni. Hapo umeshaingia kwenye kazi ya watu wengine, na kanuni zao zinakuja nawe.

La mwisho ni hili la kununua peji. Mnaambiwa ina wafuasi wengi, mnatoa fedha ya mtaji, mnabadilisha jina. Matangazo ya mwenye peji wa kwanza yanabaki humo: dawa alizouza, wateja aliowaliza, madeni ya watu. Mteja aliyeibiwa hajui kwamba peji imeuzwa. Kabla hujalipa, shuka nayo mpaka tangazo la kwanza kabisa, usome na maoni ya watu chini yake, yote.